Nyimbo Alizoruka Papa Yako

Masika wangu,

Umetoka kwenda kuaga kwa shangazi yako kule Himbi, na vile ninamujua shangazi yako, hatakuachilia mapema. Nimejifungia mu chumba chako, nimekaa ku kitanda, karatasi iko juu ya valizi yako. Kesho asubuhi basi inakupeleka Kampala, na mimi bado sijakuambia kitu hata kimoja cha maana.

Mambo ya sweta, ya pasi ya kupitia mupaka, ya kutokula kula vitu vya njiani, hayo sitayaandika. Watu wamekuimbia hayo wiki nzima mpaka sikio limeota nywele. Mimi nataka tuongee juu ya Noeli. Tangu ile siku hatujaongea, mimi na wewe. Ninakuona unavyotembea mu nyumba polepole kama mutu aliyevunja sahani ya wageni. Unafikiri nimekukasirikia. Hukuvunja kitu, mama. Ninayemuonea kinyaa si wewe.

Ndiyo, kinyaa. Nimetafuta neno la adabu nimekosa. Hasira inakuja na inaenda, hasira ninaijua, nimelala nayo mara mingi na asubuhi nikaiamsha ikaenda zake. Hii ni kitu kingine. Ninapika, roho inanichafuka. Ninasali, roho inanichafuka. Ninaona ule muti wa Noeli pale sebuleni, na ile pamba ya farmasi tunaiweka juu eti ni theluji, imekwisha kuwa nyeusi na vumbi la volkano, na ninatamani kuutupa njiani chukudu zote za Goma ziukanyage na magurudumu yao ya mbao.

Noeli yetu unaijua. Lakini acha niiseme vile iko, maana kuanzia kesho utaanza kuikumbuka ukiwa mbali, na mutu akiwa mbali anatia sukari mu kila kitu. Tunatoka misa. Tunakula. Kisha papa yako anafungua sanduku lake la chuma, anatoa ile filme ya binti wa mikate, anaipangusa na kitambaa safi kama padri anapangusa kikombe. Watoto wa majirani wanajaa ku dirisha. Papa mukubwa Paluku, kaka ya papa yako, amekwisha kukalia kiti kikubwa na sahani ya mbavu juu ya tumbo. Na filme inaanza.

Niliipenda ile filme, Masika. Rangi zake kama bonbon za kulamba. Binti ana koti la manjano, baba yake anapika mikate mu kijiji cha baridi. Binti anaenda muji mukubwa kutafuta maisha. Muji unamutesa, wanamufukuza kazi, mvua inamunyea, anakaa ku stesheni ya treni na mufuko wake, analia. Halafu inakuja treni. Halafu theluji. Halafu tunamuona mu nyumba ya mikate, unga mpaka ku nyusi, kengele za Noeli zinalia, baba yake anaingia, anamukumbatia. Basi. Hapo papa yako, ambaye ametutafsiria Kiingereza chote tangu mwanzo, anashusha sauti na kusema maneno yake ya kila mwaka: binti mwema alirudi kwao. Wote tunapiga makofi. Papa mukubwa Paluku anafuta machozi na vidole vya mafuta, na baada ya machozi anapangusia vile vidole ku vitambaa vya viti nilivyofuma mimi mwenyewe. Kila Noeli. Ninafua vile vitambaa mpaka bonane, mpaka mwaka mupya, na harufu ya mbuzi haitoki.

Ni filme ya kuimba. Kila mutu anajua ni filme ya kuimba. Lakini mu nyumba yetu hakuna mutu aliyewahi kusikia wimbo wake hata mumoja. Mara tu wanapofungua mudomo, papa yako anabonyeza telekomande, na wale Wazungu wanaanza kukimbia, midomo inafunguka na kujifunga mbio mbio bila sauti kama samaki wa mu beseni. Ninyi watoto mulikuwa munapenda kipande hicho kuliko vyote. Mulikuwa munasimama mbele ya tele na kuwaiga mpaka munaanguka.

Utauliza kwa nini hatukuuliza. Hatukuuliza kwa sababu ndivyo ilikuwa. Wakati wetu hapa Goma, hakuna mutu aliangalia filme ya Kiingereza bila enterprete. Alikuwa anasimama kando ya tele mu sale ya video, mikro mukononi, na Wazungu wote wanaongea Kiswahili kwa mudomo wake, wanaume kwa wanawake, farasi pia. Papa yako alikuwa enterprete wa Birere, na alikuwa hodari, sitamunyima hiyo. Wenzake wengi walikuwa wanabahatisha. Yeye alijua Kiingereza cha kweli, alibeba mizigo ya wafanyabiashara wa Uganda kule mupakani Bunagana tangu utoto wake. Na maenterprete wote walikuwa wanaruka nyimbo. Ilikuwa desturi ya kazi. Wimbo hautafsiriki, walisema, na vijana walio mu sale wanataka kujua nini kinafuata. Kwetu sisi, wimbo ulikuwa wakati wa kwenda kukojoa.

Sasa ukaja wewe na zawadi yako.

Ile disiki ya filme ilikuwa imekwaruzika. Ukaipata filme nzima kwa rafiki yako, ukaiweka mu flash, ukaifunga na utepe mwekundu, ukampa papa yako mbele ya watu wote. Nilikuona ulivyofurahi. Niliona pia sura ya papa yako, lakini nikafikiri ni furaha ya kizee, ile inayofanana na maumivu ya tumbo. Ukakaa karibu na tele, telekomande mu mukono wako, na wimbo wa kwanza ulipofika akanyoosha mukono kama kawaida. Ukacheka. Ukamuambia leo haturuki kitu, papa, leo nitawatafsiria mimi, wewe upumuzike.

Ule wimbo wa kwanza, ule wa unga na maji, ulikuwa mutamu. Sikufichi. Watoto wa ku dirisha walipiga makofi. Nilijisikia kama mutu aliyekaa mu nyumba miaka yote na leo tu ndio ameonyeshwa kuna chumba kingine nyuma ya kabati. Nikafikiri, ee Mungu, filme yetu ilikuwa na haya yote.

Halafu tukafika ku stesheni. Binti amekaa na mufuko wake, analia, na akaanza kuimba polepole, na wewe ukatafsiri kila kitu kwa sauti yako ile ya kusoma somo kanisani. Anasema treni ya kwetu imefika, mulango uko wazi. Anasema baba ananingojea, supu iko motoni, ninajua mpaka harufu yake. Na treni inapuliza filimbi, na yeye anasimama, na sisi wote tunangoja aingie.

Ukatafsiri: "Anasema, enda bila mimi."

Treni ikaenda. Yeye akabaki. Miaka yote hiyo tuliona ile treni ikikimbia, na papa yako akituambia, hii sasa inamurudisha kwao. Haikumurudisha mutu. Binti alitembea mu theluji akiimba mpaka ku mulango wa mujane mumoja anayepika mikate, mikono yake imechoka na uzee, na yule mujane akamupa nafasi ku moto wake. Ile nyumba ya mikate ya mwisho si ya baba yake. Ni yake, binti, mu muji ule ule uliomutesa. Na baba ndiye anayekuja kumutembelea Noeli. Anapiga hodi, Masika! Tulimuona kila mwaka anapiga hodi, theluji ku mabega, kikapu mu mukono. Mutu gani anapiga hodi ku nyumba yake mwenyewe? Nyumba nzima ya watu wenye macho, wenye diploma wengine, na hakuna aliyeuliza.

Papa mukubwa Paluku alibaki na mufupa mu mudomo. Kisha akautoa, akauangalia kama mufupa ndio umemukosea, akasema hii si filme yetu, mutoto ameiharibu. Papa yako aliangalia chini. Ndipo Papa mukubwa akasema yale maneno mengine, na uliyasikia wazi kama mimi: mutoto anayegeuza filme ya wazee atageuza na nyumba, huyu asiende Kampala tena.

Mara ya pili, Masika. Nafasi ya masomo ya laboratwari kule Kampala uliipata mwaka uliopita ikakupita. Mwaka huu wamekuwekea tena, na walikuambia wazi hawatakuwekea mara ya tatu. Na muzee mumoja mwenye mafuta ku kidevu anaifuta kati ya mbavu na bia, kwa sababu binti fulani wa ku tele hakupanda treni.

Nilikuwa na nyama mu mudomo. Haikushuka. Nilitoka nyuma, pale ku tanki ya maji, nikaitema ku mawe, na bado mudomo ukabaki muchungu. Ulinifuata na kikombe cha maji na mimi nikakuambia rudi ndani. Ulifikiri ninakufukuza. Hapana. Nilikuwa sitaki unione.

Sasa nitakuambia kwa nini, maana hadithi yangu unaijua jinsi ilivyosimuliwa, na ilisimuliwa na nyimbo zikiwa zimerukwa.

Unajua kwamba nilipokuwa musichana kama wewe nilitaka kusomea uuguzi. Unajua kwamba sikuenda. Watu wanasema njia ilikuwa mbaya. Njia ilikuwa mbaya, ndiyo, lini ilikuwa nzuri? Lakini mimi niliondoka. Mama mudogo wangu alinitafutia nafasi Uganda, nikapanda kamyo ya kwenda Bunagana, na sanduku la mbao alilonitengenezea babu yako. Tulipofika Kalengera, gurudumu likapasuka. Shofere akasema tutangoja. Nikashuka, nikakaa ku ukingo wa barabara na wamama wanaouza miwa. Mvua ikaanza. Hakuna mutu aliyenitukana, hakuna aliyenigusa. Nilikuwa na baridi tu, na woga, na sanduku.

Na ile filme nilikuwa nimeiona wiki iliyotangulia, mu sale ya Birere. Nikajiona. Mvua, sanduku, machozi, mimi ndiye binti wa mikate. Nikaanza kumusikia yule enterprete na sauti yake nzuri akisema binti mwema alirudi kwao. Gari dogo likapita likielekea Goma. Nililipungia mukono, likasimama, nikaingia. Kamyo yangu ilitengenezwa ile ile jioni na ikafika Bunagana bila shida, nilisikia baadaye.

Nyumbani babu yako alichinja kuku. Alilia, alinikumbatia, akawaita majirani. Wakaanza kuniita Binti wa Mikate, kartie nzima, mutaa wote, ku soko, ku kanisa. Na mimi nilipenda! Hii ndiyo inayonitia kinyaa kuliko yote, kwamba nilipenda sana. Nilikuwa nimeogopa mvua, na watu wakaniita mwema. Uoga wangu waliuvalisha gauni jeupe la komunyo, na mimi nikatembea nao ku barabara miaka na miaka nikisalimiwa.

Habari ikamufikia yule enterprete. Akaja kwetu kuona huyo musichana ambaye filme yake ilimurudisha nyumbani. Alikaa, akakunywa chai, akanichekesha. Akarudi na wajomba zake. Ndivyo nilivyoolewa na papa yako. Ulikuwa unapenda hiyo hadithi, ulikuwa unaniomba nikusimulie nikikusuka nywele.

Kesho yake ya Noeli nilimukuta papa yako ku baraza anapiga viatu brosi. Sikumuzungukia. Nilimuuliza, "Ulijua?"

Alipiga brosi kidogo, akaacha. Akasema, "Nilijua."

Akanieleza bila mimi kumuomba. Siku ya kwanza kabisa alipoionyesha ile filme, alitafsiri kweli, na ule wimbo wa stesheni alisema maana yake. Wababa waliokuja na mabinti zao wakasimama, wakawashika mikono, wakatoka. Wakamutukana ku mulango kwamba anafundisha watoto umalaya. Siku ya pili sale ilikuwa tupu. Siku ya tatu akaruka wimbo na kumurudisha binti kwao, na watu wakalia kwa furaha, wakawaleta wake zao, wakawaleta mabinti zao waone. Hakuthubutu tena. Nikamuuliza, na mimi je, ulipokuja kwetu, ulipokunywa chai ya mama yangu, ulijua mimi nimerudi sababu ya uongo wako? Akasema alijua. Akasema alitaka kuniambia, kisha akanipenda, kisha ikawa nimechelewa. Halafu akasema, "Mama Masika, mavi ya kale hayanuki."

Nikamuambia, "Yananuka. Yamelala mu kitanda changu."

Kama angenyamaza hapo ningekuwa na raha ya kumuchukia yeye peke yake. Lakini papa yako si mujinga. Aliinua macho akaniambia mimi sikukushika mukono Kalengera. Mulango wa lile gari uliufungua mwenyewe.

Njia ya muongo ni fupi, wanasema wazee, lakini hii ilikuwa ndefu, imepita mu maisha yangu yote, na ilikuwa ndefu kwa sababu nilikuwa ninaitembea na mimi. Alinidanganya yeye, ndiyo, na kila nikisikia anavyokohoa asubuhi ninamuonea kinyaa. Lakini uongo wake ulikuwa wa watu wote waliokuwa mu sale siku ile. Wengine waliangalia filme, wakapangusa machozi, wakaenda kufanya maisha yao. Mimi ndiye niliyeubeba nyumbani, kwa sababu nilikuwa ninautafuta. Mutu mwenye woga anatafuta wa kumuambia kwamba woga wake ni utii. Akimupata, anaolewa naye.

Sasa nifike ku kitu kizito. Usiache kusoma hapa.

Mwaka uliopita ulipoingia jikoni na ile habari ya Kampala, nilikuwa ninatwanga majani ya sombe. Ulikuwa unacheka na kulia pamoja. Sikuacha kutwanga. Nilikuambia, hata binti wa mikate alirudi kwao. Maneno hayo tu. Ulienda chumbani, na nikasikia unatoa nguo ulizokuwa umekwisha kutia mu valizi na kuzirudisha mu kabati. Na mimi nilifurahi, Masika. Nilisema moyoni, mutoto wangu ni mwema kama mimi.

Mwaka mzima ukaketi na mimi ku soko kuuza vitenge. Ulikonda. Wateja walikuwa wanauliza huyu mutoto ana nini, nami ninawajibu ni malaria. Nilikuwa ninaona ukiangalia mabasi ya kwenda kaskazini yakipita na watu wamekaa ku madirisha. Niliyaona macho yako vile vile, na nikakutuma ukanunue maji. Babu yako alinichinjia kuku kwa sababu alikuwa hajui. Papa yako aliogopa sale tupu. Mimi nilijua ni kitu gani nilipoteza Kalengera, nilijua kila siku, nikipita mbele ya hospitali na kuona wauguzi wanabadilishana zamu. Na nikakupakulia wewe sahani ile ile. Ndiyo maana nimesema nyama haikushuka. Haikuwa kwa ajili ya Papa mukubwa. Ilikuwa kwa ajili yangu mwenyewe.

Sikuombi uniambie umenisamehe. Ungesema haraka sana, wewe una moyo laini, na mimi ningekubali haraka sana, kisha tungelia pamoja na kesho usingeondoka. Tumelia mbele ya tele vya kutosha mu nyumba hii.

Kuna kitu hujui. Kesho yake ya Noeli, jioni, ulipokuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, Papa mukubwa Paluku alirudi kumaliza mbuzi. Aliketi, akanipa sahani nimupakulie, na akauliza kama jambo la mutoto limekwisha. Nilimupakulia. Nikamungoja amalize, maana mugeni ni mugeni. Alipokwisha kulamba vidole nikamuambia mbele ya papa yako, "Masika ataenda." Akaanza kusema mwanamuke ni nani mu nyumba ya bwana. Nilimuletea kofia yake. Aliichukua na mikono yake ile ile ya mafuta, na akaniambia hatakanyaga hapa Noeli nyingine. Nilishukuru kimoyomoyo kwa ajili ya vitambaa vyangu.

Asubuhi papa yako alibeba valizi yako ile ya zipu iliyokufa, akaipeleka kwa fundi Birere, akarudi nayo imepona. Aliiweka mu chumba chako na kuondoka. Hukujua ni yeye, ulinishukuru mimi. Ninakuambia kwa sababu ni kweli, si kwa sababu nimemusamehe. Sijamusamehe. Ninalala ku kitanda cha wadogo zako na ninaona ni vizuri hivyo.

Nilipoanza hii barua nilifikiri nitakupa mashauri. Sasa nimefika hapa ninaona ninalo moja tu, na ni la sale ya video. Utakutana na watu wengi huko wenye sauti nzuri. Wapadri, walimu, wanaume, marafiki, na wengine watakupenda kweli. Watakutafsiria mambo ambayo wewe hujui lugha yake. Mutu akikutafsiria maisha, wewe muulize ameruka nini. Uliza hata kama watu wamekwisha kupiga makofi. Hasa kama wamekwisha kupiga makofi.

Na ukiona unampenda mutu kwa sababu anausifu woga wako, toka. Usingoje chai.

Kesho basi itapita Kanyaruchinya, na mukifika Kalengera, mbele ya Rutshuru, kama njia iko wazi, utaona wamama wa miwa bado wanauza. Usinitafute ku ukingo wa ile barabara, na usinililie. Nunua muwa kama una njaa. Ni mutamu sana kule, hiyo ninakumbuka.

Kitu kingine kinachonikera ni huu wimbo. Ule wa stesheni. Tangu Noeli haujaniacha. Ninaosha vyombo ninaunguruma. Ninapanga vitenge ninaunguruma, sijui maneno yake, ninatia ya kwetu. Jana Kavira wa jirani ameniuliza Mama Masika una furaha gani, na nikamuambia ni minyoo. Lakini ni wimbo muzuri, mwanangu. Ninaona uchungu na kinyaa kwamba ni muzuri hivyo, na kwamba ulikuwa ndani ya sanduku letu la chuma siku zote hizo.

Basi. Ninasikia geti, labda ni wewe, labda ni wadogo zako. Niandike la mwisho.

Kesho watu wote wataku­ambia urudi salama. Shangazi yako atasema, papa yako atasema kama sauti itamutoka. Mimi nitanyamaza pale ku basi, na usidhani ni hasira. Ninaogopa mudomo wangu. Ninajijua, Masika. Siku moja, labda wiki ya pili, labda mvua ikinyesha, nitakupigia simu. Nitakuambia niko mugonjwa. Nitakuambia papa yako amezeeka, vita imesogea, wadogo zako wanakulilia, na mengine yatakuwa kweli. Nitalia vizuri sana. Nitakuambia wewe ni mutoto mwema, na mutoto mwema anarudi.

Siku hiyo usinitii. Uniulize habari ya wadogo zako, unipe salamu, ukate simu, uende darasani. Yule atakayekuwa analia ku simu si mama yako. Ni musichana mumoja muoga wa Kalengera, ana namba yangu na anajua kuiga sauti yangu. Mama yako ndiye huyu anayekuandikia juu ya valizi, na anasema: enda, ufike, ukae.

Mama